Nahodha wa Manuwari Aliyekwenda Kusomesha

Wako vijana wadhaniao kuwa mtu wa silaha hana haja na kitabu. Mwezi huu twawaletea khabari ya Bwana James Stavridis wa Marekani, aliyekuwa admirali, yaani amiri wa jeshi la bahari, kisha akawa mwalimu.

Alizaliwa mwaka 1955, na mwaka 1976 akahitimu katika chuo cha wanamaji cha Annapolis. Babu yake alikuwa mwalimu wa skuli, Mgiriki wa Anatolia. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 palikuwa na vita baina ya Wagiriki na Waturuki, na Waislamu kwa Wakristo, kila upande, wakatolewa majumbani mwao. Mzee huyo akakimbia kwa chombo kidogo kutoka mji uitwao leo Izmir, akafika Athens, na hatimaye Marekani. Miaka sabini baadaye mjukuu wake akatia nanga katika bandari ile ile, naye ndiye nahodha wa manuwari Barry! Safari hii aliingia kwa salama, maana Uturuki na Marekani ni washirika katika NATO.

Toka 2009 hata 2013 alikuwa mkuu wa majeshi ya NATO huko Ulaya, na hapo ndipo khabari yake ilipotufikia sisi watu wa pwani. Agosti 2009 NATO ilianza doria mpya ya kupambana na maharamia wa Somalia, waliokuwa wakiteka meli na kudai fidia, hata gharama za bima za meli katika bahari yetu zikapanda. Doria hiyo ilikoma mwaka 2016.

Lakini yeye mwenyewe, akihutubia Edinburgh mwaka 2012, alisema kuwa bunduki peke yake haileti amani. Akatoa mfano wa askari wa Afghanistan waliofundishwa kusoma, wakawa watembea na kalamu mfukoni kwa fahari. Vita vile hatuvisifu, na jeshi lile lilisambaratika Agosti 2021. Ila aliyejifunza kusoma, kusoma kwake hakuna aliyemnyang'anya.

Alipostaafu mwaka 2013 akawa mkuu wa Fletcher School katika Chuo Kikuu cha Tufts, hadi 2018. Na yafaa vijana wajue kuwa hapo hapo ndipo alipopata udaktari wake wa ilimu mwaka 1984, angali askari.

Maharamia nao hawakwisha. Disemba 2023 waliiteka meli Ruen. Machi 2024 wanamaji wa India wakaikomboa na kuwakamata maharamia 35.

Kwa kijana wetu apendaye kazi za bahari, kipo chuo cha ubaharia Dar es Salaam, na kingine kipo Mombasa. Wazee wake na wamwulizie huko masharti ya kuingia, na mapema waitazame hesabu yake.