Tusizoee sikio linalotoa usaha



Kabla hujaendelea kusoma, naomba uweke kidole nyuma ya sikio lako. Utagusa kifundo kigumu cha mfupa. Wengi wetu tunadhani kuwa kifundo hicho ni kama jiwe, kimejaa tangu nje mpaka ndani. Sivyo. Ndani yake mna vijumba vidogo vidogo vyenye hewa, mfano wa sega la nyuki lisilo na asali, na vijumba hivyo vina njia inayofunguka katika sikio la kati. Usaha ukikaa katika sikio hupata pa kuingilia.

Nimeamua kuandika juu ya mfupa huu kwa sababu ya neno moja ninalolisikia mno huku kwetu Rudewa: "Ameshazoea." Mama anamleta mtoto kwa ajili ya homa au kikohozi. Nikiona usaha uliokaukia shavuni na kuuliza, ananijibu, "Hilo ni sikio la zamani, nesi, tangu ana mwaka mmoja. Ameshazoea." Na bibi yake nyumbani amekwisha kusema kuwa akikua litakauka lenyewe. Mimi nasema mtoto hajazoea. Tuliozoea ni sisi, na wauguzi tumo.

Miaka mingi iliyopita, nikiwa muuguzi kijana katika zahanati moja, aliletwa kwangu binti wa miaka kama sita, sikio linatoa usaha. Nilimfuta, nikamziba sikio kwa pamba, nikamwambia mama amrudishe akizidiwa. Alirudishwa baada ya majuma matatu. Sikio lilikuwa limesukumwa mbele, nyuma yake pamevimba na kung'aa, na mdomo wake umekwenda upande. Mama alidhani ni upepo mbaya. Kumbe mshipa wa fahamu unaoendesha misuli ya uso hupita ndani ya mfupa ule ule, karibu kabisa na mahali usaha ulipokuwa umejikusanya. Alipasuliwa katika hospitali kubwa akapona, ila sikio lile lilibaki zito, na mdomo haukurudi sawasawa. Pamba ile niliiweka mimi.

Mfupa ninaousema ni mfupa wa panja. Iko miwili, mmoja kila upande wa kichwa. Juu, kwenye panja penyewe, ni bapa na mwembamba. Nyuma ni kile kifundo ulichokigusa; mtoto mchanga hana kifundo hicho, humwota kadiri anavyokua. Kwa ndani, chini ya ubongo, kuna sehemu ngumu sana, na jina lake la kitaalamu limetokana na neno lile lile la Kigiriki lenye maana ya mwamba ambalo Mtume Petro alilipata kuwa jina. Ugumu wake ni wa ajabu. Mwaka 2015 wataalamu walitangaza kuwa wamesoma chembe za urithi za mtu aliyezikwa katika pango la Mota, Ethiopia, miaka 4,500 hivi iliyopita, na walizipata katika mwamba huo wa sikio.

Ndani ya mwamba huo Mungu ameweka kiungo cha kusikia, kilichojiviringa kama konokono, pamoja na mifereji inayotupa uwezo wa kusimama bila kuanguka. Mbele yake, katika sikio la kati, vimo vifupa vitatu, yaani nyundo, fuawe na kikuku. Kikuku ndicho mfupa mdogo kuliko yote mwilini, hakizidi sana milimita 3. Usaha wa miaka unaweza kuvila vifupa hivi, na hapo mtoto huanza kuitwa mkaidi darasani.

Lakini uziwi siyo hatari kubwa kuliko zote. Dari la sikio la kati ni ubao mwembamba sana wa mfupa, na juu ya dari hilo ni ubongo. Nyuma ya vile vijumba vya hewa unapita mshipa mkubwa unaoteremsha damu kutoka kichwani. Usaha ukipenya juu, unaleta jipu la ubongo au homa ya uti wa mgongo. Ukipenya nyuma, damu huganda katika mshipa. Watoto wamekufa hivyo, na msibani ikasemwa kuwa ni malaria imepanda kichwani.

Hapa nitawaudhi baadhi ya walimu na wazazi, pengine na makatekista. Kofi la sikio siyo adabu. Kiganja kikilifunika sikio kwa nguvu, hewa husukumwa ndani na kiwambo hupasuka. Mtoto huyo akienda kuoga mtoni au mferejini, maji machafu yanapita katika tundu hilo moja kwa moja hadi ndani. Kisha tunashangaa usaha umetoka wapi. Kwenye ubatizo padre hugusa masikio ya mtoto katika ibada ya Efatha. Sioni ni kwa haki gani sisi tunayapiga.

Tena tuache kumimina vitu: maziwa ya mama, mafuta, maji ya majani, na ule unga wa kidonge cha rangi mbili ambao watu hufungua na kunyunyizia. Unga huganda, unaziba njia, na usaha ukizibwa nje hutafuta njia ya ndani. Kosa langu la pamba lilikuwa hilo hilo.

Dawa ya kwanza ni kulikausha sikio. Chukua kitambaa laini cha pamba, safi, kinachonyonya maji, ukisokote kama utambi, ukiingize taratibu, ukitoe kikilowa, uweke kingine mpaka kitoke kikavu. Fanya hivyo mara tatu kwa siku. Usitumie njiti. Usaha wa chini ya siku 14 kwa kawaida hutibiwa kwa dawa ya kunywa. Uliofikisha siku 14 au zaidi huhitaji kukaushwa pamoja na dawa ya matone anayoandika mganga. Haya si mageni: yamo katika mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa kutibu watoto, ambao Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kuuanza katika miaka ya 1990. Uvimbe wenye maumivu nyuma ya sikio ni wa kupelekwa hospitali siku hiyo hiyo. Hali kadhalika usaha unaoambatana na kutapika, shingo kukakamaa, kizunguzungu au uso kwenda upande.

Wapo wanaoniambia kuwa nauli ya kwenda mbali ni hasara, kwani masikio hayatibiki hapa nchini. Si kweli. Muhimbili wana madaktari wa masikio, pua na koo, na mwaka 2017 walianza kuwapandikizia watoto viziwi kifaa cha kusikia, kazi ambayo daktari huifanya kwa kupita katika kifundo hicho hicho cha nyuma ya sikio. Kabla ya hapo wagonjwa hao walipelekwa nje, hasa India. Nauli ni ngumu, nakubali, ndiyo maana nawaomba akina mama wa jumuiya ndogo ndogo wafundishane utambi, ambao hauna nauli.

Nanyi mnaokuja zahanati, semeni sikio limetoa usaha kwa siku ngapi, hata kama mmeleta kikohozi. Mhudumu akiandika dawa bila kutazama sikio wala kugusa nyuma yake, mwombeni kwa adabu aguse, pande zote mbili. Hata akiwa ni mimi.