Majeruhi wa Kivu wasiambiwe wangoje amani

Wapo wataalamu wanaoshikilia kwamba aliyejeruhiwa nafsi hatibiki akiwa bado ndani ya hatari. Hawakuota tu. Judith Herman, daktari wa akili wa Marekani, katika kitabu chake cha mwaka 1992 aliuweka usalama kuwa hatua ya kwanza ya kupona, kabla mgonjwa hajaanza kusimulia yaliyomkuta. Ni kanuni ya busara pale usalama unapopatikana. Lakini Kivu, mashariki mwa Kongo, vita vimekuwa vikizuka na kutulia kwa takriban miaka 30 sasa. Mji wa Goma ulitekwa na waasi wa M23 Januari 2025, Bukavu ukafuata Februari. Kumwambia mwanamke wa Kivu aliyebakwa asubiri nchi itulie ni kumnyima tiba kabisa.

Tena ushahidi tunao. Mwaka 2013 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti wa wanawake 405 wa Kivu walionusurika ukatili wa kingono, katika maeneo ambayo mapigano yalikuwa hayajakoma. Waliowahudumia hawakuwa madaktari bali wasaidizi wenyeji waliopewa mafunzo, na mazoezi ya tiba ya vikundi yalirahisishwa kwa sababu wengi wa wanawake hao hawakujua kusoma. Baada ya miezi sita, miongoni mwa waliopata msaada wa kawaida wa mtu mmoja mmoja, asilimia 42 walikuwa na dalili za sonona au wasiwasi mkubwa. Kwa waliotibiwa katika vikundi, ni asilimia 9 tu.

Hata hivyo tiba hiyo haiwezi kufanywa kama ya mjini kwenye utulivu. Wanawake wa kambi zilizokuwa kandokando ya Goma walibakwa wakienda kutafuta kuni. Mmoja wao akisema anaogopa njia ya kuni, mshauri asimwambie kwamba woga wake umezidi. Woga huo unamlinda. Wakae wapange ataongozana na nani, na saa ngapi. Kinachohitaji kutibiwa ni ile imani kwamba yaliyompata ni kosa lake, kwamba ameharibika na hafai tena mbele ya watu. Na kila kikao kimwachie kitu cha kumsaidia hata kama hakitafuatwa na kingine, maana kesho huenda yeye na mshauri wake wote wakawa njiani wakikimbia.

Kuna wanaosema chakula na ulinzi kwanza, kana kwamba asiyelala usiku ana nguvu za kulima mchana. Pingamizi zito ni jingine: kwamba wenye mamlaka watatumia tiba hii kukwepa wajibu wao wa kuleta usalama. Hatari hiyo ipo, na mradi wowote wa ushauri unaonyamazia wanaobaka unaichochea. Lakini si lazima iwe hivyo: Hospitali ya Panzi, Bukavu, huunganisha matibabu ya mwili na nafsi na msaada wa kisheria, na mwanzilishi wake, Denis Mukwege, aliyepata Nobel ya Amani mwaka 2018, hajaacha kudai wahusika wafikishwe mahakamani.