Olympia Haikumvika Taji

Wapo wanaoshikilia kuwa msanii hajawa msanii mpaka Ulaya impigie makofi, na hoja yao huipamba kwa mfano wa Umm Kulthum, mwimbaji wa Misri aliyeimba Paris, katika ukumbi wa Olympia, tarehe 13 na 15 Novemba 1967, na sauti yake ikatiwa kwenye santuri kama ilivyosikika mle ukumbini. Mfano ni wa kweli. Hoja iliyojengwa juu yake ndiyo mbovu.

Ilikuwa mara yake ya kwanza kuimba Ulaya, ikawa na ya mwisho. Lakini jina lake halikuzaliwa huko. Alikwisha kuimba Cairo kwa zaidi ya miaka 40, na matamasha yake ya Alhamisi ya kwanza ya mwezi, yaliyorushwa na redio, yalisikilizwa toka Maghribi hadi Ghuba. Mtu kama huyo angetafuta cheti cha nani? Misri ilikuwa imeshindwa vitani mwezi Juni mwaka ule ule, na mapato ya Paris aliyatoa kwa ajili ya nchi yake. Safari ilikuwa ya kuchangia taifa lililojeruhiwa.

Wala hakupunguza kitu ili apendeze. Bruno Coquatrix, mkuu wa ukumbi, alizoea waimbaji wa nyimbo nyingi fupi fupi. Bibi huyu alileta nyimbo chache, kila moja ikienda kwa mwendo wake. Mojawapo ni Al-Atlal, iliyotokana na ushairi wa Ibrahim Nagi, tabibu aliyefariki 1953, ikatiwa muziki na Riad al-Sunbati na kuimbwa mara ya kwanza 1966. Aliiimba kwa Kiarabu fasihi kile kile cha mshairi.

Anayeisikiliza rekodi hiyo husikia mambo mawili kwa pamoja: mwimbaji na hadhira. Mshororo ukiwagusa watu, hupaza sauti kuudai tena, naye huurudia kwa mapambo mengine, na maana ikazidi kufunguka. Mwenye kuyakata makelele hayo na marudio hayo ameukata wimbo wenyewe.

Sikio la pwani halihitaji kufundishwa haya. Neno taarab limetokana na jina la Kiarabu la mpagao huo huo wa msikilizaji, na Unguja inasimuliwa kuwa Sayyid Barghash, aliyetawala 1870 hadi 1888, alimtuma Mohamed Ibrahim kwenda Misri kujifunza kanuni. Kilichochukuliwa Misri kilikuwa adabu ya kusikiliza pamoja na ala.

Ajabu ni kuwa wanaomtaja Umm Kulthum kama ushahidi ndio hao hao wanaotaka taarab ikatwe beti ili mgeni asichoke, na jina la mtunzi liachwe nje ya jalada kwa kuwa mnunuzi hamjui. Wanataka makofi ya Olympia bila ya subira iliyoyaleta. Atakayekwenda ng'ambo na aende na shairi zima, beti zake zote, na jina la aliyelitunga. Akirudi na rekodi, isikike humo kuwa watu walingoja mpaka kituo cha mwisho. Pasipo hayo, atakuwa amesafirisha sauti tu, na ushairi ameuacha bandarini.