Simu Iko Kazini, Mtoto Yuko Nyumbani



Twataka kusema juu ya jambo ambalo halijaletwa katika mikutano yetu, maana watu hudhani ni jambo la akina mama na walimu tu. Nalo ni masomo yanayotumwa kwa simu jioni, watoto wakiisha kutoka shuleni. Sisi twasema ni jambo la chama, tena ni jambo la zamu.

Tazameni mambo yalivyo katika nyumba zetu, tangu Kaloleni na Makongeni mpaka Umoja na Kayole. Mwalimu hupeleka kazi ya nyumbani katika kikundi cha WhatsApp saa kumi na moja jioni. Simu yenye WhatsApp katika nyumba ni moja, nayo ni ya yule mwenye mshahara. Saa hiyo simu iko mfukoni mwake, na yeye yuko karakana, au yuko kati ya mabehewa, au ndiyo kwanza anaingia zamu ya usiku. Akirudi asubuhi, mtoto amekwisha kwenda shule. Kazi imefika kwa baba, mtoto hakuiona.

Mmoja wetu wa zamu ya usiku ana binti wa gredi ya tano. Alisimamishwa mbele ya wenzake siku tatu katika juma moja kwa kuwa hakufanya hesabu. Mtoto yule hakusema kwamba simu ilikuwa kazini. Aliona haya. Siku ya nne alikataa kuvaa sare, ndipo baba yake akafungua simu akakuta hesabu zote ziko pale, chini ya habari za maziko na michango ya harusi. Hatutataja shule, maana mwalimu hakufanya kwa ubaya, na tulipomwendea alisikitika sana. Alisema hakuna aliyemwambia.

Basi wako wanaosema mambo ya simu yaachwe kabisa. Sisi hatusemi hivyo, maana twakumbuka mwaka 2020. Shule zilifungwa mwezi wa Machi kwa ajili ya korona, na watoto wengi hawakurudi darasani mpaka tarehe 4 Januari 2021. Katika miezi ile Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ilisomesha kwa redio ya KBC na kwa televisheni, tena ikaweka masomo katika YouTube. Aliyekuwa na bando alisoma. Asiyekuwa nayo aliketi ngazini siku kutwa, na wengine tulikuja kuwaona wanauza karanga.

Lakini palikuwa na njia moja iliyotupendeza. Ni Shupavu 291, ya Eneza pamoja na Safaricom, ambayo ilipeleka masomo na maswali kwa ujumbe mfupi katika simu ndogo ya vibonyezo, ile tunayoiita mulika mwizi. Mtoto aliweza hata kumwuliza mwalimu swali akajibiwa. Aliyebuni jambo hilo alitazama kwanza ni simu gani iliyomo nyumbani, ndipo akaandika somo. Wengi wa siku hizi huandika kwanza, kisha humwambia mzazi atafute simu.

Wala kusoma mbali na darasa si kitu cha jana. Mwaka 1967 chuo kikuu cha hapa Nairobi kilianzisha masomo ya posta pale Kikuyu. Walimu wa shule za msingi ambao hawakuhitimu wakasoma kwa barua na kwa redio, huku wakiendelea na kazi zao, na wakati wa likizo hukutana na wakufunzi uso kwa uso. Redio ikiwapita, karatasi ilikuwa bado mezani. Hatuoni kwa nini mwalimu wa leo asiandike hesabu kumi ubaoni, mtoto azinakili daftarini kabla kengele haijalia, na simu ikaachiwa yale ambayo ubao hauwezi: mtoto aliyelala mgonjwa, au swali linalomkaba mtoto saa mbili usiku na hapana mtu nyumbani wa kulijibu.

Juu ya fedha hatutasema mengi, kila mzazi ayajua. Tangu mtaala wa umilisi ulipoanza mwaka 2019 tumetumwa saiba mara nyingi kupiga chapa picha za ndege na za mboga. Husemwa elimu ya msingi ni bure.

Sasa tuje kwa mwalimu mwenyewe. Mfanyakazi wa reli akishikwa saa moja baada ya zamu yake hudai ovataimu, na chama humsimamia. Mwalimu anayejibu wazazi arobaini saa tatu usiku, kwa bando aliyonunua kwa fedha yake, analipwa na nani? Ataambiwa ualimu ni wito. Maneno ya namna hiyo twayajua; kila mwenye kazi anayo ya kwake. Walimu wana chama chao, KNUT, tangu mwaka 1957, na viongozi wetu yawapasa kukaa nao wakubaliane saa ambazo mwalimu aweza kuulizwa, na ni nani wa kulipa bando. Mpaka hapo, tusiwe sisi wazazi ndio mabwana wabaya. Sisi wenyewe tumempigia mwalimu saa nne usiku, na wake zetu wakatukemea, nao walikuwa na haki.

Yako mambo tunayoweza kufanya bila kungoja mtu. Maktaba za Kaloleni na Makadara zimetengenezwa upya na Book Bunk, ambayo Wanjiru Koinange na Angela Wachuka waliianzisha mwaka 2017. Watoto wapelekwe huko mchana. Lakini maktaba haikeshi. Ofisi ya tawi letu ina stima, ina meza mbili, na ina intaneti inayolipwa kwa ada zetu. Saa kumi na moja karani hufunga mlango, intaneti ikabaki ndani peke yake. Twataka mlango huo uwe wazi mpaka saa mbili usiku, siku za shule, na wenzetu wa zamu ya asubuhi wapokezane kuketi na watoto.

Mzee mmoja alitujibu kwamba ada ni ya mishahara na kesi, si ya daftari za watoto. Twamheshimu mzee wetu. Lakini Makhan Singh, mtu wa vyama vya wafanyakazi, aliposimama katika ukumbi wa Kaloleni tarehe 23 Aprili 1950 hakudai nyongeza ya mshahara, alidai uhuru wa Afrika Mashariki. Mwezi uliofuata alikamatwa, hakuachiliwa mpaka 1961. Kufungua mlango saa tatu zaidi hakutamfunga mtu.

Tutalileta jambo hili katika mkutano ujao wa tawi, na twaomba mje, hasa wenye zamu ya usiku. Mwenye simu ya zamani ambayo bado inafanya kazi aiache kwa katibu, pamoja na chaja yake, maana chaja ndiyo husahauliwa.