Metali Inayokumbuka Umbo Lake



Wiki hii tuitazame nitinoli, metali iliyochanganywa kwa nikeli na titani. Chimbuko lake ni kazi ya William Buehler katika maabara ya jeshi la wanamaji la Marekani. Mwaka 1961, kipande chake kilichokunjwakunjwa kilipitishwa mkutanoni mkono kwa mkono. Mmoja wa waliohudhuria akakitia moto wa kiberiti cha kiko, nacho kikajinyoosha chenyewe.

Siri imo katika mpangilio wa atomi. Ikiwa baridi, metali hii hukubali kukunjwa; ipatapo joto, atomi hurejea safu zake za awali, na umbo nalo likarejea. Umbo hilo hufunzwa kiwandani kwa joto la karibu nyuzi 500. Mafundi hupima nikeli kwa uangalifu mkubwa, ili badiliko litukie chini kidogo ya joto la mwili wa binadamu, nyuzi 37.

Hapo ndipo metali hii inapoingia majumbani mwetu. Waya wake husukuma meno ya watoto polepole mpaka yakakaa sawa. Kwa mgonjwa ambaye mshipa wa damu wa mguu umeziba, daktari huweza kutia stenti, yaani mrija mdogo wa wavu. Hupitishwa mshipani ukiwa umebanwa, kisha huachiliwa ukatanuka wenyewe na kuipa damu njia. Mguu ukikunjwa, wavu hupinda nao na kurejea.

Wako wazee wetu wenye kisukari ambao kidonda cha mguu hakiponi, lakini wakisikia habari ya kutiwa chuma mwilini huogopa na kubaki nyumbani. Hofu hiyo yaweza kuwagharimu mguu mzima. Si kila mgonjwa anayehitaji stenti, ila kila kidonda kisichopona chahitaji kupimwa mapema. Mweleze daktari iwapo hereni au saa ya nikeli humtoa mgonjwa vipele. Na akishatiwa stenti, asiache dawa za kuzuia damu kuganda bila idhini ya daktari.

Mtume wetu (S.A.W.) ametuhimiza kutafuta tiba. Kumpeleka mzazi hospitali ni katika kumfanyia wema, na kutawakali hakumwondolei mtu wajibu wa kushika sababu.

Allah awape shifaa wagonjwa wetu. Amin.