Msimwambie Mtoto wa Itaba "Jiamini Kwanza"

"Jiamini kwanza, mengine yatafuata." Maneno haya yamezagaa mimbarani, redioni, kwenye semina za vijana na hata katika vikao vya wazazi. Nayakataa. Yanamdai mtu mavuno kabla hajapewa shamba, kisha yanamlaumu kwa njaa yake.

Mtazameni mtoto wa shule huko Itaba, mkoani Gitega, Burundi. Nyumbani anasimulia, anabishana na kaka zake, sokoni anauza ndizi na chenji anaipiga kichwani, yote kwa Kirundi. Akifika darasa la tano, masomo yanahamia kwenye Kifaransa, lugha ambayo kule vilimani hakuna anayemwita mwenzake kwayo. Ananyamaza. Akijaribu na kukosea, darasa zima linacheka, na mwisho wa muhula mzazi anaambiwa kwamba mwanawe hajiamini. Jamani, mtoto huyu ana akili timamu! Amepima, akaona kuwa kufungua mdomo ni kujitafutia aibu. Shaka yake ni hesabu sahihi, na waliomwandikia hesabu hiyo ni sisi wakubwa.

Wahubiri wa kujiamini hupenda kumtaja mkimbiaji wa Burundi, Vénuste Niyongabo. Vema, tumtaje, ila tusimkate nusu. Mwenzake, Dieudonné Kwizera, alikuwa na mbio na alikuwa na moyo, lakini michezo ya Olimpiki ya 1988 na ya 1992 ilimpita kwa sababu Burundi haikuwa na kamati ya Olimpiki. Angejiamini kiasi gani ili kamati izaliwe? Alikimbia Atlanta mwaka 1996 kwa kuwa nchi hatimaye ilishiriki, na kwa kuwa Niyongabo alimwachia nafasi yake ya mita 1,500, mbio zilizokuwa zimempa Niyongabo shaba ya dunia mwaka uliotangulia. Niyongabo mwenyewe akaingia mita 5,000, umbali ambao alikuwa bado mgeni kwao, akatwaa dhahabu kwa dakika 13 na sekunde 7.96. Ujasiri wake ulikuwa na msingi: miaka ya mazoezi, mashindano makubwa, ushindi na vipigo. Kwizera hakurudi na medali, lakini alikimbia, na hilo hakuna hotuba ingeweza kumpa.

Mtu hupata kujiamini akishafanya jambo, akakosea, asizomewe, akarudia. Anayehitaji kuhimizwa basi ni yule anayeshika mlango.

Kwa hiyo, walimu wa Itaba na wa Muyinga, nawaomba: swali lianze kwa Kirundi, mtoto alijibu kikamilifu, ndipo mlihamishie pamoja naye kwenye Kifaransa. Kicheko darasani kipigeni marufuku. Nanyi wazazi, mkiambiwa mtoto hajiamini, ulizeni mara ya mwisho aliachiwa lini nafasi ya kusema.