Tuache kulaumu shati jekundu

Siku moja pale mpakani Kobero kijana muuza nyanya aling'atwa na mbwa asiye na mwenyewe. Kabla hata damu haijakauka, hukumu ilikwishatolewa: "Kosa ni lake, nani alimwambia avae shati jekundu?" Watu wakacheka. Naye akafunga kidonda kwa kitambaa, akaendelea kupanga matenga yake. Mimi nilikuwa miongoni mwa waliocheka, ndiyo maana naandika leo.

Imani hii niliisikia kambini nikiwa mtoto, nikarudi nayo nyumbani. Lakini ukweli ni kwamba mbwa haoni nyekundu kama tunavyoiona sisi. Jicho la binadamu lina aina 3 za chembe hai zinazopokea rangi, la mbwa lina aina 2 tu. Mwaka 1989, Jay Neitz na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, nchini Marekani, walichapisha matokeo ya kuwapima mbwa 3. Kila mbwa aliwekewa taa 3, moja ikiwa na rangi tofauti, na alipoigusa hiyo kwa pua alipewa tuzo. Ikadhihirika kwamba mbwa huona rangi, si nyeusi na nyeupe tu kama wengine wanavyodai. Hutofautisha bluu na njano, ila nyekundu na kijani humchanganya.

Kwa lugha ya sokoni, tenga la nyanya mbivu na tenga la nyanya mbichi, ambayo wewe unayatambua kwa kutupa jicho tu, kwa mbwa yanakaribia kufanana, yote ya manjano iliyofifia. Lakini kitenge cha bluu na cha njano hawezi kuvichanganya.

Sasa kama si shati, ni nini? Mbwa ni hodari wa kuona kitu kinachotembea, na penye mwanga hafifu anatushinda. Ukikimbia, unamwamshia hamu ya kukufukuza. Na mbwa mwenye kichaa anaweza kumng'ata yeyote, awe amevaa nyekundu au nyeupe.

Kwa maoni yangu, ubaya wa imani hii ni kwamba inamgeuza aliyeng'atwa kuwa mkosaji. Anaona haya, anakaa kimya. Nao ugonjwa wa kichaa cha mbwa hausubiri: dalili zikishaanza, karibu kila mgonjwa hufa. Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri kidonda kioshwe mara moja kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha mtu awahi kituo cha afya akachomwe chanjo.

Yule kijana alikwenda siku ya tatu, tena baada ya mama mmoja muuza dagaa kumshika mkono na kumpeleka. Yu mzima hadi leo. Je, mama yule asingekuwepo?

Wenzangu tunaovuka mpaka kila siku, nguo nyekundu tuzivae. Tusimkimbie mbwa, mbwa wetu tuwapeleke wakachanjwe, na mwenzetu aking'atwa tumtafutie sabuni kabla ya maneno. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Na sisi tunaomcheka mgonjwa, ndio tunaomfundisha kuficha.